Nani atapanga ghorofa ya kumi na mbili?

Kuna mchoro unazunguka kwenye simu za watu wa Lubumbashi. Ni mnara wa ofisi, vioo toka chini hadi juu, umesimama katikati ya mji kana kwamba ulikuwepo siku zote. Mbele yake barabara haina shimo hata moja, na miti ambayo hatujawahi kuipanda imeshakua. Chini ya mchoro watu wamegawanyika kambi mbili. Wa kwanza wanasema bei ya shaba iko juu, dunia nzima inakuja Katanga, mnara utajaa kabla rangi haijakauka. Wa pili wanasema hii ni Kongo, mkopo hautatoka, kiwanja kitabaki kiwanja. Kambi zote mbili zinabishana kuhusu fedha, na nadhani zote zimekosea mahali palepale. Wenye mradi wanasema wanasubiri wapangaji na mkopo, na watu wameyasikia maneno hayo kama shida mbili. Ni shida moja. Mkopeshaji wa jengo la ofisi huuliza kwanza nani ametia saini kupanga, kwa miaka mingapi, ndipo afungue daftari lake. Na Lubumbashi ya leo, pamoja na shaba yake yote, ina watu wachache mno wa kutia saini ya namna hiyo.

Turudi nyuma kidogo. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli ya kutoka Rhodesia ilipofika, na shaba ya kwanza ikayeyushwa kando ya mto Lubumbashi mwaka 1911. Toka hapo shaba na ofisi zilikwenda pamoja. Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji, na baada ya kutaifishwa mwaka 1967 Gécamines, haikuwa mashimo na tanuru tu. Ilikuwa makarani, wahasibu, waandishi wa mishahara, walimu, wauguzi, wagawaji wa unga, na kila mmoja alihitaji kiti, meza na kabati la mafaili. Wazee wetu walisema Jekamine njo baba, njo mama, na baba yule alikuwa na ofisi nyingi. Mwaka 1986 kampuni ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, nchi nayo ikaingia kwenye vurugu zake, na ndani ya miaka michache uzalishaji ukashuka chini ya sehemu ya kumi ya kilele kile. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na anayewajua anajua hiari ile ilikuwa ya namna gani. Leo je? Kongo imeipita Peru na kushika nafasi ya pili duniani nyuma ya Chile. Mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani milioni 3. Hiyo ni zaidi ya mara sita ya kilele cha Gécamines. Kama tani za shaba ndizo zinazojaza ofisi, tungekuwa tunabishana kuhusu mnara wa sita.

Shaba ya siku hizi haipiti tena mezani Lubumbashi. Katanga iligawanywa majimbo manne mwaka 2015, na migodi mikubwa zaidi ikaangukia jimbo la Lualaba: Tenke Fungurume, Kamoa-Kakula, KCC, Mutanda. Mji wa huko ni Kolwezi, karibu kilomita 300 kutoka hapa, na viongozi wa huko wana kila sababu ya kutaka kampuni ziweke ofisi kwao, walipe kodi kwao. Sisi wa jimbo la Haut-Katanga hatukubaki mikono mitupu, tuna Ruashi, tuna Kinsevere, tuna Kipushi iliyorudi kutoa zinki mwaka 2024, lakini uzito umehama. Wenye kuamua wako mbali zaidi: CMOC iko Luoyang, Glencore iko Baar kule Uswisi, Ivanhoe iko Vancouver. Hesabu ambazo zamani zingejaza ghorofa nzima ya makarani wa hapa zinafanywa na programu moja, na anayeisimamia anaweza kuwa ameketi Johannesburg. Kinachopita Lubumbashi ni malori yanayoelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kinachobaki ni ofisi ya watu wachache: mmoja wa forodha, mmoja wa sheria, mmoja wa kubembeleza serikali, na dereva wawili.

Ofisi hiyo ya watu wachache ndiyo mnara unaitaka. Lakini tayari ina mahali pa kukaa, ipo kwenye vila. Pita mitaa ya Golf uone. Nyumba ambayo mzungu fulani aliijengea familia yake sasa ina kibao kidogo getini, ukuta umeongezwa mita moja, ndani kuna kisima kilichochimbwa, gurupu la umeme (jenereta) linanguruma nyuma ya lililokuwa jiko, Land Cruiser sita zimeegeshwa chini ya mwembe, na sentinele, yaani mlinzi, ana kibanda chake. Mwenye vila hahitaji benki, nyumba alishairithi au alishainunua. Hana riba ya kulipa. Anaweza kushusha bei leo jioni ili mpangaji asihame, na komisioneri, dalali aliyewakutanisha, atapata chake. Watu hupima mnara huu kwa kuulinganisha na minara ya Nairobi au Kinshasa. Mshindani wake halisi ni mwembe ule na gari sita chini yake.

Mimi mwenyewe niliwahi kupanga chumba ghorofa ya tano katika jengo la zamani hapa mjini. Lifti ilikufa mwezi wa pili, na hakuna aliyeifanyia matanga. Maji yakawa yanapandishwa na kijana mmoja kwa bido, madumu ya njano, na alikuwa na bei yake kwa kila ghorofa, aliyekaa ya pili akilipa nusu ya nilicholipa mimi. Siku moja mteja, mama wa makamo, alinipigia simu akiwa pale chini. "Papa, shuka wewe. Magoti yangu hayana kazi na karatasi yako." Nikashuka na mkataba, tukauweka juu ya boneti ya gari lake, akasaini. Miezi mitatu baadaye nilihamia nyumba ya chini yenye ua, na sijui mtu wa jengo lile ambaye hakufanya hesabu kama yangu.

Nasema hili kwa sababu mnara ni mashine. Nyumba ya chini ikikosa umeme unafungua dirisha na kuendelea. Ghorofa ya kumi na mbili ikikosa umeme haina maji, haina lifti, haina hewa, na haina mteja. Umeme wa Inga, mabwawa ya mto Kongo kule magharibi, unafika Katanga tangu mwanzo wa miaka ya 1980 kwa njia ya nyaya ndefu kama kilomita 1,700, lakini njia ile ilijengwa kwa ajili ya migodi, na hata migodi haitosheki nayo, inanunua umeme Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipokausha mabwawa ya Zambia, kila mtu alihisi. Kwa hiyo mnara lazima uje na umeme wake, kisima chake, fundi wake wa lifti na spea zake, na gharama hiyo itaingia kwenye bili ya mpangaji kila mwezi juu ya pango.

Hebu tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, nimezichagua ziwe rahisi, kila mmoja aweke zake. Tuseme jengo lina mita za mraba 10,000 za kupangisha na linagharimu dola milioni 15. Tuseme lote limejengwa kwa mkopo wa miaka saba, riba 12%. Mwaka wa kwanza riba peke yake ni dola milioni 1.8, na kipande cha deni ni zaidi ya milioni 2.1. Jumla inakaribia milioni 4. Ukigawa kwa mita zote ni kama dola 33 kwa mita moja kila mwezi, jengo likiwa limejaa hadi kona ya mwisho, na bado hujanunua lita moja ya mazuti (dizeli) ya jenereta. Likijaa kwa asilimia 70, mzigo unapanda hadi dola 47. Sasa ipeleke bei hiyo kwa mtu mwenye mwembe wake. Refusha mkopo uwe wa miaka ishirini na riba ya chini, na picha inabadilika kabisa. Ila nani atatoa mkopo wa miaka ishirini hapa?

Benki zetu hazina ubaya wa moyo. Sehemu kubwa ya amana zake ni dola za watu wanaoweza kuja kuzitoa kesho asubuhi, na huwezi kukopesha kwa miaka ishirini fedha unayodaiwa kesho. Soko la hisa nchini hatuna. Bima ilikuwa mikononi mwa SONAS, kampuni ya serikali, peke yake hadi juzi tu soko lilipofunguliwa. Na kuna ardhi. Kwa sheria ya mwaka 1973 udongo ni wa serikali, na haki ya kudumu juu ya kiwanja hupewa Mkongo mtu binafsi. Kampuni hupewa haki ya miaka isiyozidi 25, inayoweza kuongezwa. Kuongezwa huko kunategemea ofisi, na ofisi inategemea aliyeketi ndani yake. Juu ya hapo, kila mtu wa mji huu anamjua mtu aliyenunua parseli kisha akakutana na mwenye hati mwingine. Mkopeshaji wa nje anayesoma mambo haya hakimbii, lakini anaomba kitu cha kumtuliza, nacho ni saini ya mpangaji mzito. Tunarudi palepale. Hata New York, mnara wa pili wa World Trade Center ulikaa miaka na msingi uliokamilika huku sehemu ya juu ikisubiri, baada ya kampuni zilizotarajiwa kuwa wapangaji wakubwa kujiondoa Januari 2016. Kule fedha ipo kila kona. Saini ilikosekana.

Hoja za upande wa matumaini zinastahili kusikilizwa, na iliyo bora kuliko zote haihusu bei ya shaba. Inahusu sheria ya Februari 2017 ya kazi ndogo za mikataba, yaani kazi ambazo kampuni kubwa huzipa kampuni nyingine, inayotaka kazi hizo zipewe kampuni ambazo mtaji wake uko mikononi mwa Wakongo. Toka ARSP, mamlaka ya serikali inayosimamia kazi hizo, ianze kuisukuma sheria hiyo, kampuni zimechipuka kama uyoga baada ya mvua: za usafirishaji, za chakula cha migodini, za ulinzi, za ujenzi, za usafi. Nyingi zina wenyewe hapa Lubumbashi, watoto wao wanasoma hapa, mawakili wao wako hapa, na zinahitaji anuani ya heshima ya kuandika kwenye zabuni. Hawa ni wapangaji wa kweli. Ukisema mji hauna haja ya ofisi mpya kabisa, umefumba macho.

Ila tazama wanachohitaji. Wanahitaji vyumba viwili, kwa mwaka mmoja, labda miwili. Mkataba wao na mgodi ukiisha, nao wameisha. Malipo yao huchelewa, na mgodi wenyewe unaweza kukatwa pumzi kwa amri moja kutoka Kinshasa: Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza nje kobalti, madini yanayotoka pamoja na shaba, na ilipofungua tena Oktoba ilikuwa kwa mgao wa kila kampuni. Mtu aliyebeba kobalti kwa malori yake miezi ile alikuwa anafikiria mafuta na mishahara, pango la miaka kumi lilikuwa mbali na kichwa chake. Kwa benki, wapangaji hamsini wa namna hiyo hawalingani na mmoja mwenye mkataba wa miaka kumi, hata wakilipa zaidi. Mpangaji mzito wa kawaida katika miji kama hii ni benki, na hapo pia mambo yamehama. Benki ya TMB ilizaliwa hapahapa Lubumbashi mwaka 2004, na Desemba 2022 benki ya KCB ya Kenya ikachukua sehemu kubwa ya hisa zake. Benki ya BCDC iliungana na Equity, nayo ya Kenya, mwaka 2020. Uamuzi wa kukodi ghorofa tano Lubumbashi sasa unapita Nairobi, mji ambao umejionea wenyewe maana ya kujenga ofisi nyingi kuliko wapangaji.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi: kwamba mji wa pili wa nchi hauwezi kukosa mnara, kwamba ni aibu, kwamba ukijengwa tu watu watakuja. Nchi hii ilishaijaribu hoja hiyo. Miaka ya 1970, shaba ikiwa tumaini la kila mtu, Kinshasa ilijengewa kituo cha biashara cha kimataifa, CCIZ, mnara wa vioo ambao madirisha yake hayakufunguka kwa sababu kiyoyozi kingefanya kazi milele. Kiyoyozi kilipokufa, jengo lilikufa nacho. Lilikaa miaka na miaka kama kabati la vioo lisilo na vyombo, mpaka lilipofanywa hoteli. Aibu ya kukosa mnara ni ndogo, unaizoea. Aibu ya kuwa na mnara mtupu unaiona kila asubuhi ukienda kazini. Na wanaojibu kwamba kituo cha fedha cha Kinshasa kilichozinduliwa mwisho wa 2023 kimefaulu, wakumbuke kwamba pale serikali ndiyo mwenye mradi na ndiyo mwenye kuketi ndani. Huo ni uamuzi wa kisiasa, na unaweza kuwa mzuri, ila hauthibitishi lolote kuhusu soko.

Kambi ya pili nayo, ile ya "hii ni Kongo", haijatembea mjini siku za karibuni. Watu wanajenga. Tazama mapaa ya majengo mapya ya biashara: nondo zimechomoza juu, zimeanza kushika kutu, zinasubiri ghorofa inayofuata. Hiyo ndiyo benki yetu ya ujenzi. Mwenyewe anajenga ghorofa mbili kwa taslimu, anapangisha maduka chini, kodi ya maduka inanunua saruji ya ghorofa ya tatu. Ni njia ya polepole, haina mchoro wa kuvutia, na fundi akiwa mjanja inaleta hatari yake. Lakini haina riba, na haijengi chumba ambacho mpangaji wake hajaonekana. Anayesema Lubumbashi haiwezi kujenga amepima kila kitu kwa kipimo cha mnara.

Kuna wanaotaja serikali na fedha za pensheni kama njia ya kutokea. Serikali ya jimbo kama mpangaji mzito ni wazo la kuvutia hadi utakapokaa na mtu aliyewahi kuipangisha nyumba: huja na msafara, hulipa kwa barua. Pensheni ni jambo zito zaidi, kwa sababu ndiyo fedha ya muda mrefu kweli. Majirani zetu wa Lusaka walikuwa na Society House iliyoungua mwaka 1997 na kubaki gofu katikati ya mji, mpaka mfuko wa pensheni NAPSA ulipoitia fedha na kuifufua. Dar es Salaam maghorofa mengi ya ofisi ni ya mifuko ya pensheni. Lakini ni Dar hiyohiyo iliyoona wapangaji wa serikali wakihamia Dodoma kuanzia 2016, na ofisi zikabaki zinatafuta watu. CNSS, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, ikishawishiwa kuingia kwenye mnara huu, fedha itakayokuwa kwenye zege ni ya mfanyakazi anayekatwa kila mwezi, yaani ni yuleyule mtoto wa Jekamine aliyeshapoteza mara moja. Sisemi isiingie kamwe. Nasema iingie ya mwisho, wapangaji wakiwa wameshasaini.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama mnara utasimama asihangaike na siku ya jiwe la msingi. Jiwe la msingi ni kitu rahisi kuliko vyote katika ujenzi, linahitaji ndoo moja ya saruji, mkasi na utepe. Atazame kama benki moja imechukua ghorofa ya chini kwa miaka isiyopungua kumi. Atazame kama michoro imepungua urefu. Ikishuka hadi ghorofa sita au saba, ikagawanywa awamu mbili, vyumba vikakatwa vidogo kwa ajili ya wale wa vyumba viwili, maegesho yakapanuliwa, hapo nitaamini kuna mtu ameacha kuchora na kuanza kuhesabu. Ikiongezeka ghorofa, tujue mradi umegeuka wa kuonyesha. Na mji nao una haki ya kudai kitu: asichimbe mtu shimo kabla mkopo wote haujatimia. Chicago walianza kuchimba mwaka 2007 kwa ajili ya mnara wa mita 610, mwaka uliofuata kazi ikasimama, na shimo la kina cha zaidi ya mita ishirini likabaki pale kwa miaka mingi. Kule walau mvua ina mifereji. Hapa, shimo kama lile Novemba linakuwa bwawa, na Januari mbu wake wanajulikana hadi mitaa ya Kamalondo.

Nilipita kwenye kiwanja kimoja cha mjini chenye uzio wa mabati na bango la jengo refu, rangi imeanza kupauka. Upande wa nje wa mabati wabadilisha fedha wamepanga meza zao, mabunda ya faranga yamefungwa kwa mpira, kila mmoja na mwavuli wake. Ndani sentinele amelima, mistari imenyooka kama ya mtu wa shamba. Nikamwuliza kama wenye kiwanja hawamkatazi. Akasema mwaka wa kwanza walimwambia asipande, kazi inaanza kabla ya mavuno. Alipanda, akavuna mwezi wa tatu. Mwaka uliofuata hawakumwambia kitu. Mwaka huu, mvua ya kwanza iliponyesha, mmoja wao alimletea mbegu.